Kikohozi cha Murmani

Lifti ya jengo letu, huku Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
hula sarafu kabla ya kukupandisha.
Jumatatu ilimeza yangu, ikanung'unika,
ikanitundika kati ya ghorofa ya saba na ya nane,
kisha ikanyamaza kama mdeni.

Fundi Murmani akaja na tochi na spana.
Akatega sikio mlangoni, akakohoa,
akasema, "Beringi. Wala si leo, ni tangu Novemba."
Amejuaje? Hakuna aliyempa kanuni.
Miaka thelathini na mmoja ya kusikiliza.

Ndiyo hiyo, akasema Mwalimu Lamzira darasani,
chaki imemchafua hadi kwenye nyusi:
mashine msiipe sheria, ipeni mifano.
Hii nzima. Hii mbovu. Hii nzima.
Iacheni ikisie, na ikikosea
iambieni imekosea kwa kiasi gani.
Kosa lisilopimwa ni majuto tu.

Basi mimi na Tsotne tukazunguka mtaa mzima na kinasa sauti.
Lifti nzima tulizirekodi wenyewe.
Mbovu tulimwachia Murmani,
maana zikikwama huitwa yeye.
Sauti mia sita na arobaini.

Usiku mmoja umeme ukakatika.
Nikashuka ghorofa kumi na nne gizani,
mguu ukipapasa kabla ya kukanyaga,
na hapo ubao wa Lamzira ukanifungukia:
mashine nayo haioni bonde liliko,
inaujua tu mwinamo ulio chini ya unyayo.
Inakwenda kule kunakoteremka, inapapasa tena.
Ukinyoosha hatua mno, unaruka kidato, unateguka kifundo.
Ukiifupisha mno, kutakucha uko ghorofa ya kumi.
Tena kila ngazi zinapopinda pana sehemu bapa,
mguu unadanganyika kwamba umefika chini.

Tisini na tisa kwa mia!
Tsotne alinunua mikate ya jibini kwa darasa zima.
Lamzira hakuonja.
"Mmeitahini kwa sauti zipi?"
Zilezile ilizosomea.
"Basi mmepima kumbukumbu. Akili bado."
Tukaenda kutenga sauti mia moja, tukazificha, tukaifundisha upya,
ndipo tukaitahini kwa zile ilizokuwa haijazisikia.
Tisini na saba.
Safari hii mikate niliinunua mimi.

Tukampelekea Murmani.
Akasimama kando ya lifti mpya kabisa,
mafuta yake bado yananukia.
Akakohoa. Taa nyekundu: mbovu.
Akabana pumzi. Kijani.
Akakohoa tena, polepole, kama anayebisha hodi.
Nyekundu.

Usiku huo tulivaa vipokea sauti masikioni.
Kumbe katika kila lifti mbovu,
nyuma kabisa ya mngurumo wa mota,
kuna mzee anakohoa.
Katika zile mia tulizoficha pia;
tulizichota kisima kile kile.
Mashine ilikuwa imejifunza tabibu,
ugonjwa haukuijia hata mara moja.

Murmani alicheka mpaka akashika ukuta.
"Haikukosea sana. Nilipo mimi,
lazima pana kilichoharibika."

Sasa tunarekodi upya.
Anazunguka nasi, anakohoa hata kwenye lifti nzima,
kwa bidii, kama mwigizaji aliyepewa nafasi yake,
nasi tunakaa kimya penye mbovu.
Tumefika themanini na moja.
Lamzira ameiandika ubaoni, akaizungushia duara,
akaomba kipande cha mkate.

Lakini jana, nikipanga mafaili kwa tarehe,
nilizisikiliza zote mfululizo, za vuli hadi za masika.
Mota zinabadilika, majengo yanabadilika.
Kikohozi kinazidi kuwa kizito,
kinakwaruza mahali pamoja.
Mke wake alishafariki, mwanawe yuko Poland.
Kwenye chumba kile cha mitambo, juu ya paa,
kilichowahi kukisikiliza kifua cha mtu huyu
ni mashine yetu peke yake, nasi tukaifuta.

Nimempigia simu. Alhamisi nampeleka hospitali.
Amekubali, kwa sharti moja: tupande kwa ngazi.